Mkono wa Mshonaji Katika Mfarishi wa Viraka

Mfarishi wa viraka una tabaka tatu: uso ulioungwa kwa vipande vya vitambaa, ujazo wa pamba katikati, na kitambaa cha mgongo. Mishono inayopenya tabaka zote huzishikanisha ili pamba isihame ikafanya mabonge. Umbo hili halibadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine, na mtu akitandaziwa mifarishi kumi anaweza kudhani imetofautiana rangi tu. Anayeijua kazi huona zaidi. Hutazama kama vipande vilikatwa kwa rula au kwa jicho, kama kingo zimenyooka au zimeachwa ziyumbe, rangi nzito imekaa wapi, na kama mishono ni midogo ya kubanana au mirefu ya kuonekana kutoka mlangoni. Kila jambo katika hayo ni uamuzi wa mtu. Mshonaji aliyekaa na sindano miaka mingi huamua kwa namna ile ile tena na tena, mara nyingi bila kukusudia, na hapo ndipo watu huanza kusema wanautambua mkono wake.

Anayeanza huelekea kuamini kwamba mtindo wa mtu hubuniwa: lazima akae, afikiri, atoe mchoro ambao haujawahi kuonekana. Wengi wa washonaji waliosifika kwa upekee wao hawakupita njia hiyo. Walianza na mchoro wa wote, uliorithiwa kwa mama na majirani, na upekee ukaingia pale kitambaa kilipopungua, kilipokuwa kizito kupita kiasi, au pale mshonaji alipochoka kufuata mstari wa mtu mwingine.

Nchini Marekani, ambako ushonaji huu ulishamiri katika karne ya 19, mchoro mmoja ulioenea mno ni Nyumba ya Magogo. Katikati huwekwa mraba mdogo, mara nyingi mwekundu, kisha vipande virefu vyembamba huungwa kuuzunguka. Upande mmoja huwa wa rangi hafifu na wa pili wa rangi nzito. Kanuni yake huelezwa kwa muda mfupi, na mtoto huielewa. Michoro ya namna hii ilisambaa kwa kuigana, baadaye kwa magazeti: Kansas City Star lilichapisha michoro ya mifarishi kuanzia 1928 hadi 1961, na wasomaji waliikata na kuiweka akiba. Waamishi wa wilaya ya Lancaster, Pennsylvania, walishika njia yao wenyewe. Walitumia vitambaa vya sufu visivyo na maua wala michirizi, rangi tupu zilizokolea, katika maumbo makubwa machache, halafu wakazijaza nafasi zile pana kwa mishono midogo ya ustadi mkubwa. Kwao mtindo wa rangi ni wa jamii nzima. Anayetaka kumwona mtu mmoja mmoja inambidi asogee karibu na kuangalia nyuzi.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejali sana kumtafuta huyo mtu mmoja. Mwaka 1971 Jonathan Holstein na Gail van der Hoof walitundika mifarishi ukutani katika Jumba la Makumbusho la Whitney, New York, kama zinavyotundikwa picha za kuchora. Maonyesho yale yalibadilisha namna kazi hii inavyotazamwa, lakini sehemu kubwa ya mifarishi ile haikuwa na jina la aliyeishona. Wageni walisifu maumbo na rangi, na wenye mikono hawakujulikana.

Majina yalijitokeza kwa nguvu zaidi kutoka Gee's Bend, kijiji cha Wamarekani weusi kilicho mahali ambapo mto Alabama unapinda na kukizunguka pande tatu. Joseph Gee alianzisha shamba la pamba hapo mwaka 1816. Mwaka 1845 likapita mikononi mwa Mark Pettway, aliyehamia na watumwa wapatao 100 kutoka North Carolina. Wazao wao wengi hadi leo wanaitwa Pettway, ndiyo maana majina ya washonaji wa huko hufanana hata wasipokuwa ndugu wa karibu. Baada ya utumwa walibaki wakilima kwa kugawana mavuno na wenye ardhi. Mwaka 1932 mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alidai madeni ya marehemu mumewe, na familia zipatazo 60 zikanyang'anywa mifugo, zana na akiba ya chakula. Mwaka 1962, wakati weusi wa eneo hilo walipokuwa wakianza kudai haki ya kujiandikisha kupiga kura, kivuko cha kuvukia mto kilisimamishwa. Hakikurudi mpaka 2006.

Mifarishi ya kijiji hicho ilishonwa ili kuzuia baridi katika nyumba za mbao zenye nyufa. Kitambaa kilitoka kwenye nguo za shambani zilizochakaa na magunia ya unga au mbolea. Inafaa kukaa kidogo kwenye jambo hili, kwa sababu ndipo mtindo ulipozaliwa. Mguu wa suruali ukipasuliwa hutoa kipande kirefu, kwa hiyo mifarishi mingi ya Gee's Bend imejengwa kwa pau ndefu. Sehemu ya goti imepauka. Pale mfuko ulipobanduliwa hubaki alama ya buluu iliyokolea, maana jua na sabuni havikuifikia. Mshonaji wa mjini mwenye fedha angeitupa sehemu hiyo. Hawa waliiweka mahali ilipoonekana. Mwaka 1942 Missouri Pettway, aliyekuwa amefiwa na mumewe, alishona mfarishi kwa nguo zake za kazi ili ajifunike nao na kumkumbuka. Binti yake Arlonzia, aliyemsaidia, ndiye aliyeisimulia habari hiyo baadaye. Mfarishi huo sasa umehifadhiwa katika National Gallery of Art mjini Washington.

Wasichana wa kijiji walijifunza kwa mchoro wa Mapaa ya Nyumba, ambao ni wa ukoo mmoja na Nyumba ya Magogo: kipande cha katikati kinachozungukwa na fremu ndani ya fremu. Mfarishi usiofuata mchoro wowote uliokubalika waliuita wa "njia yangu". Mtu alijua kanuni, akaijaribu, kisha akatoka ndani yake mwenyewe, na majirani wakalitambua hilo kama jambo halali. Hakuna aliyemwambia amekosea hesabu. Ni vigumu kufikiria mazingira bora zaidi ya kukuza mtindo: mchoro unaojulikana na kila mtu, uhaba unaokataza kuiga kwa ukamilifu, na majirani wanaoruhusu kuacha njia.

Matokeo yake ni kwamba wanawake waliokaa nyumba chache mmoja kutoka kwa mwingine, wakitumia matambara yale yale, walishona vitu tofauti kabisa. Loretta Pettway, aliyezaliwa 1942, amesema wazi kwamba hakupenda kushona. Alishona kwa sababu nyumba ilikuwa na baridi. Labda ndiyo sababu kazi zake zina maneno machache. Mojawapo, ya miaka ya 1960, ni pau tupu zilizopangwa sambamba, mchoro ambao kijijini huitwa Msichana Mvivu, na rangi zake zimepimwa kwa ubahili unaoshangaza. Annie Mae Young, aliyeishi kuanzia 1928 hadi 2013, alikuwa mtu wa kugonganisha. Mfarishi wake unaojulikana zaidi, wa mwaka 1976 hivi, una michirizi ya rangi za moto katikati, imezungukwa na jinzi iliyopauka pande zote. Mary Lee Bendolph, aliyezaliwa 1935, huunga vipande vidogo vya mraba na mstatili visivyolingana, na amesema mawazo yake hutokana na kuangalia vitu vinavyomzunguka. Hakuna hata mmoja wao aliyekaa kutunga nadharia ya mtindo wake. Hata hivyo, ukiweka kazi zao tatu pamoja, hutazichanganya.

Kitambaa kikibadilika, mkono nao hubadilika. Mwaka 1966, katika wimbi la harakati za haki za raia, wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee ili kuuza kazi zao. Kuanzia 1972 ushirika huo ulishona foronya za mito kwa ajili ya kampuni ya Sears, kwa koduroi, kile kitambaa kizito chenye michirizi ya manyoya. Mabaki yalifika majumbani: rangi ya dhahabu, nyekundu, kijani cha parachichi. Koduroi haikubali vipande vidogo vingi, kwa sababu mshono wa kuungia huwa mnene na sindano hukwama. Washonaji wakapanua maumbo, wakarefusha mishono, na mifarishi ya kipindi hicho ina vipande vikubwa vya rangi vinavyoonekana kutoka mbali. Kazi ya ushirika yenyewe ilikuwa na masharti ya duka: kila foronya ifanane na nyingine. Mikono ile ile, basi, ilishona mchana kwa kipimo cha mteja na jioni kwa njia yake, na hakuna dalili kwamba nidhamu ya kwanza iliua uhuru wa pili.

Mkusanyaji William Arnett alifika kijijini mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya kuona picha ya mfarishi wa Annie Mae Young kitabuni. Mwaka 2002 maonyesho ya mifarishi ya Gee's Bend yalifunguliwa katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Houston, kisha yakaenda Whitney, safari hii kila kazi ikiwa na jina la mwenyewe. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mifarishi hiyo.

Uhaba si njia pekee. Rosie Lee Tompkins, jina la kisanaa la Effie Mae Howard, alizaliwa Arkansas mwaka 1936, akaishi Richmond, California, hadi alipofariki 2006. Alipenda mahameli. Mahameli hunasa mwanga upande mmoja na kuumeza upande mwingine, kwa hiyo pembetatu mbili za rangi moja zikigeuziwa pande tofauti huonekana kama rangi mbili. Tompkins aliunga pembetatu na miraba isiyolingana, mamia kwa mamia, bila kusawazisha pembe, na uso mzima ukawa unatikisika. Jambo la kuzingatia ni kwamba mara nyingi aliunga uso tu, na watu wengine wakashona tabaka tatu pamoja. Kwa hiyo mtindo waweza kukaa katika hatua moja ya kazi. Mtu hana haja ya kujilazimisha kuwa bingwa wa kila hatua.

Suala la kuiga huwasumbua wengi kuliko inavyostahili. Nancy Crow, aliyezaliwa Ohio mwaka 1943 na kusomea ufinyanzi na ufumaji, alikuwa tayari mshonaji mwenye jina alipoona kazi za Anna Williams wa Baton Rouge, Louisiana. Williams, mfanyakazi wa nyumbani, alishona bila kupima, vipande vikikatwa kwa mkasi huru. Crow aliguswa, akaacha rula, akaanza kukata kwa kisu cha gurudumu kama anayechora, na akaanza kutia vitambaa rangi mwenyewe. Kazi zake za baada ya hapo hazifanani na za Williams. Ni baridi zaidi, kubwa zaidi, zimepangwa kwa mfululizo ambamo wazo moja hurudiwa kwa miaka. Alichochukua ni ruhusa, na Crow mwenyewe amemtaja Williams kama chanzo. Kuchukua mpangilio mzima wa mtu, rangi na yote, na kunyamaza kuhusu ulikotoka, ni jambo jingine, na wenye macho huligundua upesi.

Wako pia ambao mkono wao ulijengwa na hamu ya kusimulia. Harriet Powers alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Alikata watu, wanyama, jua na nyota, akavibandika juu ya kitambaa kwa sindano, akasimulia Biblia na matukio ya angani ambayo watu wa jimbo lake waliyakumbuka. Mifarishi miwili tu kati ya kazi zake ndiyo inayojulikana kusalia: mmoja uko Smithsonian, Washington, mwingine katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Boston. Ule wa kwanza aliuuza mwaka 1891 kwa dola tano kwa sababu ya shida, baada ya kuomba kumi. Faith Ringgold, aliyeishi kuanzia 1930 hadi 2024, alikuwa mchoraji wa rangi za mafuta. Mwaka 1972 aliona katika Rijksmuseum ya Amsterdam michoro ya Kitibeti iliyozungushiwa vitambaa, akaanza kuchora juu ya kitambaa laini kisichohitaji fremu. Mfarishi wake wa kwanza, wa 1980, aliushona pamoja na mama yake, Willi Posey, aliyekuwa mbunifu wa mavazi. Baadaye aliandika hadithi kamili pembeni mwa picha. Mtindo wake ulitokana na vitu vitatu vilivyokuwa tayari mikononi mwake: rangi, ushonaji wa mama, na maneno.

Bisa Butler, aliyezaliwa New Jersey mwaka 1973 kwa baba Mghana, anashona sura za watu kutoka picha za zamani za weusi na weupe. Kwa kuwa picha hizo hazina rangi, yeye huamua ngozi iwe zambarau, kijani au chungwa, na hutumia vitenge vya nta, vikiwemo vya Vlisco ya Uholanzi. Msomaji wa Afrika Mashariki anayeziona kazi zake huvitambua vitambaa kabla ya kuzitambua sura. Hilo ni somo la manufaa kwa yeyote mwenye sanduku la vitenge na kanga: kitambaa chenye michoro mikubwa kina sauti yake, na kikikatwa vipande vidogo mno huipoteza. Butler hukiacha kiseme kwenye gauni au koti, kisha hukipunguza usoni.

Uhusiano wa kale zaidi na upande huu wa dunia uko Karnataka, kusini-magharibi mwa India. Wasidi wa huko ni wazao wa Waafrika, wengi wao wakitokea pwani ya mashariki ya Afrika, waliochukuliwa utumwani na kufikishwa Goa na Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Hawaungi uso kwanza. Mshonaji hutandika sari kuukuu kama mgongo, huanza pembeni, na huweka viraka juu yake kimoja kimoja huku akishona kuzunguka kuelekea katikati, kwa mishono mirefu inayopita tabaka zote. Kwenye pembe nne huweka vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua, na kawandi isiyo na phula huhesabiwa kuwa haijakamilika. Wakristo huweka msalaba na Waislamu mwezi mwandamo, wakipenda. Kwa kuwa kazi huingia ndani badala ya kutoka katikati, mshonaji hajui mwisho utakuwaje mpaka aufikie, na kila kawandi huwa na kitovu chake.

Mwanafunzi anayetaka kuona mkono wake unaelekea wapi anaweza kuanza na mchoro mmoja rahisi, Nyumba ya Magogo kwa mfano, na kuurudia mara nyingi kwa vipande vidogo vya majaribio vya ukubwa wa mto. Kurudia kuna faida kuliko kuruka kutoka mchoro hadi mchoro. Mchoro usipobadilika, kinachobadilika ni uamuzi, nao ndio unaotafutwa. Vipande hivyo vikibandikwa pamoja kwenye shuka lililotundikwa ukutani, mwelekeo hujitokeza wenyewe: labda rangi ya njano inarudi kila mara, labda kipande cha katikati hakikai katikati kamwe. Mambo yanayorudi bila kuitwa ndiyo ya kuendelezwa. Mafundi cherehani wa mtaani huwa na mifuko ya mabaki ya vitenge, na mfuko mmoja ni shule ya kutosha, mradi vitambaa vipya vifuliwe kwanza, kwa kuwa pamba hunywea na baadhi ya rangi huchuja.

Katika rangi, makosa mengi hutokana na kuangalia jina la rangi na kusahau uzito wake. Nyekundu na kijani vyaweza kuwa na giza sawa, na vikiwekwa pamoja mchoro hupotea. Picha ya simu iliyogeuzwa kuwa ya weusi na weupe huonyesha jambo hilo mara moja. Wapo wanaopenda tofauti kali kati ya giza na mwanga, na wapo wanaoridhika na rangi zinazokaribiana mpaka mchoro uonekane kwa kutafutwa. Hakuna aliye sahihi zaidi, ila ni vizuri mtu ajue yuko upande gani. Kujiwekea mipaka husaidia pia: rangi tatu tu, au hakuna rula, au nguo za mtu mmoja. Mpaka hufanya kazi ambayo uhaba uliifanya Gee's Bend.

Mishono ya mwisho husahauliwa, ingawa ndiyo inayomfichua mtu zaidi. Washonaji wa kusini mwa Marekani walizoea mistari ya mviringo kama feni inayofunguliwa, na wengi waliipima kwa kuweka kiwiko juu ya kitambaa na kuuzungusha mkono. Upana wa feni ulikuwa urefu wa mkono wa mtu huyo. Vikundi vya watu kadhaa vilipokaa kuzunguka fremu moja, ukubwa wa feni ulitofautiana kutoka upande hadi upande, na hakuna aliyeona haja ya kuusawazisha. Mashine hushona kwa haraka na kwa ulinganifu. Ina mitindo yake, lakini haiwezi kutoa alama hiyo.

Mtindo wa mtu haudumu vile vile maisha yote. Macho hupungua nguvu na mishono hurefuka. Vidole vikianza kuuma, maumbo hupanuka. Wanaochunguza mifarishi ya zamani isiyo na jina hulazimika kukisia mshonaji kwa kulinganisha vitambaa, urefu wa mishono na namna kingo zilivyopindwa, na mara nyingi hawafiki popote. Ndiyo sababu washonaji wengi wa leo hushona nyuma ya mfarishi, kwenye kona ya chini, kipande kidogo cha kitambaa cheupe chenye jina, mahali na mwaka. Huandikwa kwa uzi au kwa wino usiofutika, na hushonwa kabla ya pindo la mwisho kufungwa, ili ukingo mmoja wa kipande hicho ushikwe ndani ya pindo na usiweze kubanduliwa kwa urahisi.